Makaa Yaliyoshibia Nyumbani kwa Lukumani

Tangu mke wake Léontine afariki, Lukumani alikuwa na kazi mbili pale kijijini Lusangi: kuchoma makaa ya vifuu vya ngazi, yaani maganda magumu ya kokwa za mchikichi, na kumsema Shefu Clovis, mkuu wa kijiji. Ya pili aliiweza zaidi. Barabara mbovu, ni Shefu. Mvua imechelewa, ni Shefu. Na pombe inayoharibu kijiji, nani mwingine?

Siku hiyo walikusanyika kwenye mdomo wa shimo la dhahabu. Enjeniya Rosine, aliyetoka Kasongo kwa pikipiki, alitaka makaa yanayokamata hewa nzito inayozimisha wachimbaji huko chini, na kuiacha hewa nzuri ipite. Alikuwa amemfundisha Lukumani: choma vifuu, loweka makaa katika maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kama yale ya kupikia sombe, majani ya muhogo, kisha yakaushe. Yakifaulu, Lukumani ndiye angetengenezea mashimo yote. Kwa mjane aliyeishia darasa la tatu, huo ulikuwa karibu uwaziri.

Rosine alipuliza pumzi kupitia bomba lililojaa makaa, ikaingia kwenye maji ya chokaa. Kama makaa yangekamata hewa nzito iliyomo katika pumzi, maji yalipaswa kubaki maangavu. Yakageuka meupe.

"Hayakamati kitu."

"Ni vifuu vya Shefu," Lukumani alijibu haraka. "Alinipa vilivyooza."

"Na mvua je, Papa? Hiyo hainihusu leo?" Clovis aliuliza, watu wakacheka.

Rosine hakucheka. "Papa Lukumani, makaa haya yanaweza kushiba hewa nzito mbele ya kazi kuanza. Uliyaweka wapi? Iko kitu kinachochachuka mule ndani, kinachotoa hewa hiyo?"

Iko. Nyumbani kwake, mapipa mawili ya pombe ya ndizi, na katikati yake, chini, kapu la makaa lililokaa wazi wiki nzima. Mwenye mapipa ndiye yule aliyeapa kanisani kwamba ameacha pombe, akawa anamkemea Shefu kila Jumapili. Angenyamaza, kazi ingekwenda kwa mutu mwingine.

"Pombe," alisema kwa sauti ndogo. "Yangu."

Clovis alikaa chini kwa kucheka.

Rosine alikaanga makaa juu ya moto mkali mpaka yakatapika hewa yaliyoila, akayapoza ndani ya chupa iliyofungwa, akapuliza tena. Maji yalibaki maangavu.

"Kazi ni yako, Papa. Lakini makaa yatalala kwenye nyumba isiyo na pombe."

Watu walitazamana. Kwa kweli, kijiji kizima, nyumba hiyo ilikuwa moja tu. Jioni Lukumani alibisha hodi kwa Shefu, kapu kichwani. Njia nzima alikuwa ametafuta neno la kumlaumu, na hata moja hakulipata.