Sahihi ya Mheshimiwa Mulama

Mulama aliongoza watu tangu serikali ilipomvisha kofia akiwa kijana, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwona akisoma karatasi. Alianza akiwa D.O., afisa wa tarafa, akawafurusha akina mama wa mboga kando ya barabara ya Spine Road na kuita hiyo kazi ya usafi. Wakampandisha cheo, akawa D.C., mkuu wa wilaya nzima. Wakampandisha tena, akawa Katibu Mkuu wa wizara iliyoshughulikia maji, na miaka minne aliyokaa pale mifereji ya mtaa wetu wa Kayole ilitoa upepo tu. Ndivyo kwetu: mtu akiharibu kazi ndogo, apewe kubwa zaidi asikose nafasi ya kuharibia. Alipostaafu wakampa uenyekiti wa shirika fulani, likamfia mikononi. Sasa alitaka kura.

Ayuma alimjua. Sukuma wiki ya kwanza ambayo Mulama aliikanyaga kwa viatu vya serikali ilikuwa yake.

Kwa hiyo barua ilipofika kwamba Mheshimiwa atakuja kufungua rasmi shule ya chekechea, Ayuma aliikunja, akaketi. Shule hiyo aliijenga yeye na wanawake wenzake kumi na mmoja. Walizoa taka za jaa mwaka mzima, wakabeba mawe mgongoni, wakapaua mabati. Kitu walichokosa ni karatasi ya kiwanja. Na walikuwa wameona kilicholipata bomba la maji la pale kona: Mulama alilifungua kwa hotuba, akasema ni mradi wa serikali, na mwezi haukwisha kabla mpwa wake hajashika ufunguo.

"Tumkatalie," alisema Fartun, muuza vitambaa, ambaye ndiye katibu wa kikundi.

"Tukimkatalia," Ayuma alimjibu, "kesho kanjo, askari wa jiji, wako hapa na tingatinga. Watauliza karatasi. Utawaonyesha nini, hilo dera lako?"

"Basi tukae tu aichukue?"

"Sikia, dada. Nilikaa ofisini kwake siku tatu nikiomba mizani yangu waliyoninyang'anya. Karani alileta mafaili kumi. Bwana huyo akatia sahihi kumi huku anaongea kwa simu mambo ya mbuzi. Hakuangalia hata moja. Alikuwa anafuata kidole cha karani."

"Ndiyo nini sasa?"

"Nenda ununue kitabu cha wageni. Kile kikubwa cha jalada jekundu. Mkubwa hawezi kukipita kitabu cha wageni, atajiona hajafika. Na wewe una mwandiko mzuri."

Siku yenyewe Mulama alisema atafika saa tatu asubuhi. Alifika saa saba. Watoto walikuwa wamepangwa juani na mashada ya maua ya karatasi, uji umepoa sufuriani kwa sababu Odongo, msaidizi wake, alikataza watoto wasile, wasije wakachafua sare kabla ya picha.

Mulama akashika kipaza sauti. "Shule hii," alisema, "niliiota nilipokuwa Katibu Mkuu."

"Aliiota saa za kazi," Ayuma alimnong'oneza Fartun.

"Na kwa vile ni mali ya serikali yenu, nimewaletea meneja." Akamwonyesha mpwa wake, aliyesimama mlangoni na kufuli jipya mkononi, akitabasamu kama bwana harusi.

Ayuma akainuka na kitabu, akakiweka mezani, kimefunguliwa. "Mheshimiwa, kabla ya picha, kitabu cha wageni. Hapa, mzee." Akaweka kidole.

"Hebu niangalie kwanza," alisema Odongo.

"Odongo, usinicheleweshe. Kalamu."

Akatia sahihi kubwa yenye mikia, chini yake akaandika vyeo vyake vyote. Chifu wa mtaa, aliyekuja na msafara, kuona mkubwa ametia, akatia yake pia, akatoa muhuri mfukoni na kugonga. Hakuna chifu anayeuliza mkubwa ametia kwa nini.

Ayuma akachukua kipaza sauti, akasoma polepole: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nakiri kwamba shule hii imejengwa na wanawake kumi na wawili wa Kayole, kwenye kiwanja walichokisafisha wenyewe. Serikali haikutoa hata jiwe. Mimi sidai chochote hapa."

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mulama, aliyekuwa akisoma ujumbe kwenye simu, alisikia makofi, naye akapiga. Odongo alipofika sikioni mwake simu za watu zilikuwa zimeshamrekodi akijipigia makofi, ikabidi atabasamu na kusema, "Naam, hayo ndiyo maneno yangu."

Magari yalipoondoka, mpwa akiwa ndani na kufuli lake, Odongo alibaki. "Mama, ule ukurasa una makosa kidogo. Tuutoe."

"Makosa gani, baba?"

"Mzee hakusoma."

"Andika hivyo, kwamba Mheshimiwa hasomi. Atie sahihi, chifu agonge muhuri, nami nitauchana mbele yako."

Odongo alimtazama, akatazama kitabu kilichokuwa kwapani mwa Fartun, akaenda kutafuta boda.

Jumatatu wanawake wote kumi na wawili walipanga foleni kwenye ofisi ya ardhi. Karani alitazama sahihi, akatazama muhuri, akawatazama wao. Kisha akachukua faili tupu, akauliza kikundi kinaitwaje.