Wifi Anifundishe Kuosha Chupa

Wifi yangu alinikuta kwenye maabara hii. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kumshika panya asing'atwe, kumlaza usingizi wa mwisho, kumwingiza maji ya chumvi tumboni na kuyavuta tena yakiwa yamejaa seli za kinga. Kisha akaolewa na kaka yangu. Kisha seli zake zikawa nzuri kuliko zangu. Sijui lipi liliniuma zaidi.

Tunapima dawa za kutuliza uvimbe. Seli tunazigawa sahani mbili: za kwanza tunazichokoza, za pili tunaziacha zipumzike. Zinazopumzika zisipotulia, jaribio zima ni la kutupa. Zangu zilikuwa hazitulii. Kwenye hadubini ungezikuta zimetanuka, zimechomoza miguu, zimewaka bila kuguswa. Za wifi zilikuwa mviringo, zimelala kama dengu.

"Ni hasira zako hizo," mlisha panya alinitania. "Panya wanazijua."

Nilijichekesha tu. Mikataba yetu, mimi na wifi, ilikuwa inakwisha, Daktari, mkuu wa maabara, ana nafasi moja ya kudumu, na alishasema ataamua kwa sahani za Ijumaa.

Mapema wiki hiyo wifi alinifuata kwenye sinki. Nilikuwa nachemsha chupa zangu za kioo kwa mara ya pili, maana mimi na uchafu hatupatani.

"Wifi, usikasirike. Nadhani tatizo ni chupa. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini sumu yao inabaki kwenye kioo, na seli zikiionja tu zinawaka. Zinataka tanuri kavu, lenye moto mkali."

"Unanifundisha kuosha vyombo?"

"Sijasema hivyo, wifi."

"Huyo mumeo amekulia kwenye sahani nilizoosha mimi, hajaumwa hata tumbo. Kaoshe vyako."

Akaondoka taratibu, mlango akaurudisha kwa kiganja. Hata huo utaratibu wake niliuonea wivu. Mimi ningeubamiza.

Ijumaa nilichukua chupa zangu rafuni kama kawaida, nikafanya kazi yangu. Nilipochungulia kwenye hadubini nilidhani nimebeba sahani ya mwenzangu: seli zimetulia tuli. Daktari akainamia zangu, akainamia za wifi, akarudi kwangu.

"Zimelingana," akasema. "Basi nafasi ni ya aliyetangulia."

Nilitoka kifua mbele mpaka kwenye chumba cha panya.

"Haya, hasira zangu ziko wapi leo?"

"Mshukuru wifi yako," mlisha panya akanijibu, mkono ndani ya gunia la chakula. "Jana ulipoondoka alizibeba chupa zako zote akaziweka kwenye tanuri. Asubuhi akazipanga rafuni kabla hujafika. Nilijua mmekubaliana."

Nilimkuta wifi anakunja koti lake jeupe. "Hongera, wifi," akasema, na hakukuwa na kejeli.

"Kwa nini umegusa chupa zangu?"

"Ungekosa kazi kwa sababu ya chupa, na mimi najua dawa yake, tungekaaje meza moja?"

Akanikumbatia, akaenda zake. Kazi nimeipata, na wivu haujanitoka. Umezidi, kwa sababu najua wazi kwamba mimi chupa zake nisingezigusa.