Mzima, Afande

...na viatu nimevipiga rangi mwenyewe, hilo hata Bertha hawezi kubisha, tangu saa kumi na moja alfajiri nimekaa kwenye kochi la shemeji yangu pale Mwanjelwa na brashi mkononi mpaka ngozi ikang'aa, kuvivaa ni habari nyingine, lakini kung'aa vinang'aa, na kwenye korido nzima hii hakuna mstaafu mwenye kiatu kama changu, nimeshawakagua wote, kuanzia yule mzee wa dirishani mpaka huyu Yotamu anayesinzia ubavuni mwangu, kuna mmoja kaja na kandambili, kandambili jamani, mbele ya bodi ya madaktari wa jeshi, ingekuwa enzi zangu ningempa mizunguko kumi ya uwanja kwanza ndiyo tuanze kusalimiana... namba kumi na tatu ndiyo iko ndani, mimi ni kumi na sita, kwa hiyo muda upo, na wala siogopi, Sajini mstaafu Liberatus Kalinga, miaka ishirini na sita ya utumishi, sijawahi kuogopa mlango, nimekuja hapa Mbeya kuchukua kilicho changu na nitakichukua, jambo lenyewe halina siri, bodi inakutazama, inakupima, inaandika kama uliumia kazini na umeumia kiasi gani, wakiandika umeumia unapata posho ya ulemavu juu ya pensheni, mnatibiwa wewe na mkeo, na hata yule anayekuhudumia nyumbani anafikiriwa, wakiandika wewe ni mzima unarudi zako Nyololo kunywa chai, na safari hii ni ya pili na ya mwisho, barua imesema hivyo bila kupepesa, bodi ikikataa mara mbili faili linafungwa... Bertha, mke wangu, ananiangalia kwa lile jicho lake la pembeni, anasema polepole, "Baba Happy, leo usije ukafanya kama ile siku," nami najifanya nasoma tangazo la ukutani la kunawa mikono, kwa sababu ile siku naijua vizuri kuliko yeye, yeye alibaki nje, mimi ndiye niliyeingia, miaka miwili iliyopita, kwenye chumba hikihiki, mlango ukafunguliwa nikaona cheo cha meja begani mwa daktari na mwili wenyewe ukakumbuka kazi yake, sikuutuma, kifua kikatoka, kidevu kikapanda, nikatembea hatua sita, kushoto kulia, kushoto kulia, kwa mguu ambao usiku wake haukunipa hata lepe la usingizi, nikapiga mguu sawa mbele ya meza mpaka vikombe vyao vya chai vikatikisika, saluti sikupiga kwa kuwa sikuwa na kofia, sheria naijua, meja akacheka kwa kupendezwa, akauliza, "Unaendeleaje, mzee?" nami nikajibu kwa sauti ya uwanjani, "Mzima, afande."

Mzima, afande... ukimuuliza askari hali yake unategemea akujibu nini, miaka ishirini na sita kila asubuhi kwenye mstari jibu ni hilo moja, una homa ni mzima, umefiwa ni mzima, na meja wa watu wala hakunitega, alidondosha kalamu akaniomba niiokote, ni kipimo hicho, nilijua ni kipimo, nikainama, nikaona nyota mchana, nikaiokota, nikamrudishia kwa mikono miwili kama mtu aliyelelewa vizuri, akaandika anajimudu, na angeandika nini kingine, mtu kaona alichoonyeshwa, simlaumu, nikatoka nje nimevimba kwa sifa nikamwambia Bertha wamenisifu, ndivyo nilivyosema, wamenisifu, na jioni ile basi lilipofika Nyololo mguu ukagoma kushuka, vijana wawili wanaouza viazi pale barabarani wakanibeba mmoja huku mmoja huku, nikawaambia umekufa ganzi tu, safari ndefu... sasa Zabron, tuliyekuwa naye kombania moja na ambaye sasa anapasua mbao Mafinga, yeye ana falsafa yake, alikuja nyumbani wiki iliyopita na dumu la ulanzi, pombe yetu ya mianzi, akasema mnyalukolo, ndugu yangu, safari hii uingie na magongo mawili, ukifika katikati ya chumba uanguke, upige yowe, ukiulizwa jina uchelewe kujibu, mficha uchi hazai, nikamwambia mimi nina watoto wanne tayari, kuzaa nimeshamaliza, akacheka mpaka ulanzi ukamwingia puani, lakini alikuwa anasema kweli, kuna watu wamepita hivyo, nikaona picha hiyo, Kalinga analala sakafuni miguuni pa meja anajigaragaza, hapana, kudanganya sidanganyi, sijaiba hata soksi ya jeshi, stoo nimekaa miaka sita ya mwisho baada ya ajali na kila kitu kilikuwa mahali pake, sitakwenda kuiba kwa mdomo uzeeni... na wala sihitaji kuigiza, ajali ilikuwepo, zoezi la masika, lori likateleza kwenye tope likalala, boksi la risasi likanikalia kiunoni, nikawatoa wenzangu watatu kwanza, ndipo nilipotaka kusimama nikakuta mguu wa kulia hausikii amri, yote yameandikwa kwenye faili, mhuri upo, tarehe ipo, nitasema hivyo, nitaingia nimenyooka, nitasema kweli kwa ufupi, watanielewa, watu wazima wale... "Namba kumi na tatu ametoka, kumi na nne ajiandae," anasema muuguzi mlangoni, jina lake Tumpe liko kifuani, ametuita wote baba tangu asubuhi bila kujali vyeo, na mwanamke aliyekaa ng'ambo ya Bertha, mkewe Yotamu huyu anayesinzia, anapunguza sauti anamuuliza, "Na wewe dada, mgongo?" ndipo nageuka, naona kiganja cha Bertha kiko kiunoni kwake mwenyewe, kinakanda, na alikuwa amekiweka upande wa ukutani, upande ambao mimi sioni, Bertha anajibu ni kuinama tu, dada, unajua kazi zetu, mwenzake anasema ndiyo, shamba linaua, na Bertha anaitikia, shamba linaua.

Shamba lipi... Bertha hajashika jembe tangu mwaka juzi, shamba tumekodisha kwa Joachim jirani, kigenge chake cha viazi pale barabarani alikifunga, nikawaambia watu amepumzika, mke wa sajini apumzike, nikalisema hilo mpaka kanisani, na yeye akakubali mbele za watu kwamba amepumzika, sasa anainama wapi, namtazama na yeye hajui namtazama, amekunja uso kidogo hivi, upande mmoja, ule uso nimeuona wapi, nimeuona kwa kuruta wa pili kwenye mstari wa kubeba gogo, yule mfupi, gogo linamwelemea yeye zaidi kuliko wenzake na hasemi kwa sababu aliye mbele yake anatembea amenyooka... asubuhi ananiinua, najiambia ananipa mkono tu, mkono gani wakati miguu yake ndiyo inayotetemeka, ananivua ananivika, ananifunga hivi viatu ninavyowatambia watu kwenye korido, anapiga magoti na anainuka akijishika kitandani, kilo themanini na moja mimi na yeye hafiki sitini, na nilipozijaza fomu hizi mezani nyumbani, kwa mwandiko wangu mzuri wa stoo, nikafika pale walipouliza jina la mtu anayekusaidia shughuli za kila siku, nikaandika hakuna, na yeye alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, alisoma, najua alisoma, akaweka kikombe taratibu kwenye meza akatoka kwenda kuchota maji... hakuna, niliandika hakuna, Mungu wangu, miaka miwili nimekuwa mzima kwa mgongo wa mke wangu, ndiyo yenyewe hiyo, kila nilipopiga mguu sawa yeye ndiye aliyelipia jioni yake, na jana kwenye ngazi za basi, na leo alfajiri, na mimi hapa nakagua kandambili za watu... naona aibu, lakini ni aibu ya kufaa, kama ya mtu aliyegundua bunduki yake ina kutu kabla ya ukaguzi na si wakati wa ukaguzi, muda upo, namba kumi na nne ndiyo kwanza anainuka, mlango haujafunguka, na mimi sijashindwa kitu, mtu aliyetoa watatu kwenye tope hashindwi kuwatoa wawili, hata kama mmoja wao ni yeye mwenyewe, tatizo langu moja, nikikiona kile cheo begani mdomo utasema mzima, naujua, hauna dawa, umefundishwa vizuri mno, kwa hiyo mdomo wangu usiingie peke yake... "Mama Happy." "Abee." "Tunaingia wote." Anasema muuguzi kasema aingie mgonjwa na msaidizi wake kama anaye, na wewe kwenye fomu umeandika huna, anasema hivyo bila ukali, kama anayenikumbusha kuvaa sweta, nami namwambia niletee faili, na kalamu, nakata lile neno mstari mmoja mnyoofu kama nilivyokuwa nakata makosa kwenye leja ya stoo, nasaini pembeni kuonyesha aliyekata ni mimi, naandika juu yake Bertha Ambrosi, mke, yeye anaangalia kila herufi inavyotoka, mkewe Yotamu naye anaangalia, waangalie tu, "Nitakaa kimya," namwambia, "wakiniuliza mimi utajibu wewe," na Bertha anakunja kanga magotini, anakunjua, halafu anauliza kwa sauti ya chini kabisa ili Yotamu asisikie, "Niseme yote?" nami najua anachouliza, kwa sababu kuna moja ambalo hatujawahi kulisema hata sisi wawili gizani, choo chetu ni cha kuchuchumaa, kiko uani, na mimi siwezi kuchuchumaa tangu mwaka juzi, ananishika makwapani kwa nyuma, ananishusha, ananingoja ameangalia ukutani ili nisione kwamba ananiona, ananiinua, kila siku, mvua na baridi ya Mufindi, na wakati wote huo anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ili majirani wadhani anafua... mbele ya meja, mbele ya watu watatu wa bodi na karani anayeandika... namtazama yule mwenye kandambili kule mwisho, ananipungia mkono kwa adabu, nami nampungia, mlango bado umefungwa. "Yote," namwambia. Bertha anashusha pumzi. "Basi nitaanza na la chooni." Anza na la chooni, mama, namwambia, na nasogea kidogo kwenye benchi ili naye aegemeze mgongo ukutani, tunangoja zamu yetu.