Kaza Nia, Legeza Mabega

Mjukuu wangu hupiga tarumbeta katika bendi ya zimamoto. Kiti cha mpigaji wa kwanza kilibaki wazi, na jaribio likapangwa Ijumaa. Alikitaka kiti hicho kwa moyo wote. Lakini wimbo wa jaribio una noti moja ya juu, na kila alipoifikia, tarumbeta lilikwama kama mtu aliyepaliwa.

Aliniomba nimsindikize kwa mwalimu mmoja mstaafu, asije akageuka njiani. Mwalimu alinipa kiti chenye mto, yeye akakalia kreti tupu la soda. Akakishika kidomo cha tarumbeta, kile cha kupulizia, kiganjani mpaka kikapata joto, ndipo akampa mjukuu wangu.

"Haya, piga."

Alipiga. Alipoikaribia noti ile, mabega yakapanda mpaka masikioni, mishipa ya shingo ikamtoka, sauti ikakatika. Mdomoni alibaki na duara jekundu kama amegongwa muhuri.

"Midomo haina ugonjwa," mwalimu alisema. "Unaibana tu. Ukifika pale unajiambia nini?"

"Najiambia kaza."

"Nani kakufundisha?"

"Kila mtu. Afande wa bendi, baba. Hata bibi huyu, akipita na ndoo yake ya nguo: kaza, mjukuu wangu."

Mwalimu akanigeukia. "Ulitaka akaze nini, mama?"

"Moyo, mwalimu. Asikate tamaa."

"Basi moyo haukusikia. Imesikia midomo, koo na mabega."

Tukacheka, hata mjukuu wangu, ambaye wiki nzima alikuwa kanuna.

Mwalimu alimpokea tarumbeta taratibu, akaniambia nishike karatasi ukutani, niiachilie mjukuu anapoanza kupuliza. Pumzi yake ndiyo iizuie isianguke. Ikaangukia kwenye kiatu changu.

"Umeona? Unaiogopa noti tangu mbali, unazuia pumzi, ukifika huna hewa. Nia kaza, binti. Mwili legeza."

Tuliangusha karatasi mpaka mgongo ukaniuma kwa kuiokota. Mwishowe ikaganda ukutani.

Nyumbani aliendelea kila jioni. Baba yake akachungulia chumbani. "Ka..."

"Funga mdomo wewe," nikamwambia.

"Kumtia moyo mwanangu nako kosa?"

"Mtie, ila kwa neno jingine."

Mwanangu akajikuna kichwa, akawaza. "Pumua, mama," akamwambia bintiye, akaufunga mlango polepole asimsumbue.

Ijumaa nilikaa nje ya ukumbi wa bendi, mlango ukiwa wazi. Ile noti ilitoka nusu, ikakatika.

"Rudia," afande alisema, kalamu yake ikigonga meza.

Mjukuu wangu hakurudia papo hapo. Aliliweka tarumbeta mapajani, akazungusha shingo, akashusha pumzi.

"Tunakusubiri."

"Najua, afande. Nikiwa tayari nitaanza."

Kalamu ikanyamaza. Alipoanza, mimi niliyatazama mabega tu. Yalitulia mahali pake. Noti ikatoka, nyembamba lakini nzima, akaishikilia mpaka pumzi ikamwishia.

"Jumatatu ukae kiti cha kwanza," afande alisema. "Ila noti yako bado nyembamba."

"Nitainenepesha," akajibu, akaanza kulifuta tarumbeta lake.