Kiti Kilichotaka Kuhamia kwa Mhina

Usiku wa jana niliota kwamba kiti changu kinahama. Nilikikuta mlangoni, kimefunga mto wake kwa kamba, kinangoja mvua ipungue.

Kabla sijaendelea nieleze hali yangu. Nimepasuliwa bawasiri na ninaendelea vizuri. Hapa natumia neno hilo kwa sababu ndilo sahihi. Majirani nimewaambia ni mgongo. Daktari amenipa masharti nami nayafuata yote: nisikae kwenye kitu kigumu, nisibebe kitu kizito, nile mboga na papai, ninywe maji mengi, na asubuhi na jioni niketi ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Muda unaobaki nalala kifudifudi, au nasimama nimeegemea kabati, ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Wakati nimesimama hivyo, kiti changu cha mninga kinakaliwa na Mhina. Mhina ni jirani yangu. Tulisoma pamoja madarasa ya jioni, na hadi leo hujibu swali kabla halijaisha. Kila siku anakuja kunipa pole, analeta papai, anakaa kwenye kiti changu na kumwita mke wangu Mwanaidi shemeji. Wananong'ona. Wanacheka. Nikikohoa, wananyamaza. Mwanaidi hajacheka hivyo na mimi tangu redio yetu ilipokuwa mpya.

Sasa ndoto.

"Unakwenda wapi?" nakiuliza kiti.

"Kwa Mzee Mhina," kinajibu. "Usinichukie, Mzee Semkiwa. Mimi ni kiti. Nisipokaliwa naumwa."

Nikakikumbusha kwamba nilikinunua kikiwa bado kinanuka randa, na kwamba kila Idi nimekipaka vanishi kwa mkono wangu. Kikakiri yote hayo kwa heshima. Kikasema lakini Mhina hukikalia kwa adabu, polepole, kama mtu anayeomba ruhusa. Mimi, kikasema, nilizoea kujitupa.

"Na shemeji anaona tofauti," kikaongeza.

Sikuona haja ya kubishana na samani. Nikakishika miguu, nikakinyanyua ili nikirudishe sebuleni.

Hapo hapo king'ora kikalia, ukuta wa nyumba ukaondoka, na nikajikuta kwenye barabara kuu, pale kwenye mizani ya malori. Mbele yangu kuna lori la mkonge, nyuma yangu basi la abiria. Afisa wa mizani ni papai lililoiva, limevaa kofia na kizibao kinachong'aa.

"Wewe uliambiwa usibebe kitu kizito," papai linasema. "Panda."

Napanda. Naeleza kwamba kiti ni chepesi. Papai linaniamuru nikiweke chini, nakiweka. Mshale wa mizani haushuki. Linaniambia nivue kanzu, nabaki na msuli. Haushuki. Dereva wa lori anapiga honi.

Papai likavaa glavu, likanipapasa mbavuni, likatoa gunia. Lilikuwa limeloa, tena limeshonwa vizuri, na mshono niliutambua kuwa wangu.

"Wivu," papai likasema, likiunusa. "Mbichi. Una kibali?"

Nikasema gunia si langu, nimewekewa na wageni. Papai likasema madereva wote husema hivyo. Likaongeza kwamba kwa uzito ule nyuzi zangu zingekatika kabla jua halijazama, na mahali zilipo nyuzi hizo napajua mwenyewe. Nikaliomba lipunguze sauti, kwa sababu abiria wa basi walikuwa wameshafungua madirisha. Nikawatangazia kwamba ni mgongo. Basi zima likanipa pole.

Ndipo wanatokea Mhina na Mwanaidi. Wanatembea katikati ya barabara, wamelibeba beseni langu, huyu ukingo huu, yule ukingo ule. Maji yanatoa mvuke. Wanacheka, na hakuna tone linalomwagika. Hilo liliniuma kuliko kidonda, maana mimi na Mwanaidi hatujawahi kubeba kitu cha maji pamoja bila mmoja wetu kuloa na mwingine kulaumiwa.

Nikawauliza, mbele ya papai, ni kitu gani kinachochekwa.

"Unachekwa wewe, Baba Zuhura," Mwanaidi akasema. "Na huo mgongo wako."

"Mgongo wangu una nini?"

"Hauna kitu. Ndiyo maana tunacheka."

Nikamgeukia Mhina. Nikamwambia mambo mengi yaliyopangika vizuri, kuhusu mtu anayeingia nyumba ya mgonjwa na kutoka na kiti chake, na kesho labda atatoka na nyumba. Nikamtaka apande mizani naye, tuone amebeba nini. Akapanda bila ubishi. Mshale ukalala kwenye sifuri.

"Mwaka ule nilipolazwa," Mhina akasema, "niliwaambia watu naumwa nini?"

Nilikumbuka. Aliwaambia nyonga. Nami nilikwenda kumjulia hali, nikiwa na chupa ya mafuta ya nyonyo.

"Nilisema nyonga," akaendelea. "Na wewe, Semkiwa, ukanikalisha kwenye kigoda kigumu kama jiwe, ukanichua nyonga kwa nguvu zako zote. Nami nikawa nakushukuru."

Papai likavua kofia. Kiti kikaangalia pembeni.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Wewe ungesema?"

Kabla sijajibu, beseni likaniambia maji yanapoa, basi likapiga honi, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nilijikokota hadi sebuleni kukagua. Kiti kilikuwepo mahali pake. Juu yake paliwekwa kata, ile pete ya nguo ambayo akina mama huweka kichwani wanapobeba ndoo, ila hii ilikuwa kubwa, ya kutosha makalio. Haikusokotwa kwa kanga ya Mwanaidi. Ilisokotwa kwa kikoi cha kiume, na kikoi hicho si changu. Kilikuwa kimepauka, na kata yenyewe ilikuwa imebonyea kwa kukaliwa siku nyingi.

Mwanaidi alikuwa jikoni anapasha maji. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuipenda, nguo ya mwanamume inafanya nini kwenye kiti changu.

Hakugeuka.

"Hiyo ni ya nyonga," akasema.

Nikakaa. Haikuuma hata kidogo. Nimekaa hapa hadi sasa, na kinachonikera ni kwamba hata kwa hili Mhina alinitangulia.