Kadi ya Picha ya Mzee Ndaki

Kwa kununua ng'ombe, Ndaki Masele hakuwa na mpinzani Bariadi nzima, na mwenyewe alihakikisha kila mtu analijua hilo. Kwa hiyo aliposimama dukani kwa Imrani kununua vifaa vya kompyuta, vitu asivyovijua mbele wala nyuma, hakuona sababu ya kubabaika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya nyumbani, ya kuchezea mpira tu. Aliinunua kwa kampuni moja ya pamba, kati ya zile zilizoingia kwa kelele soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi zikaondoka kimyakimya msimu wa pili. Sasa ilikuwa imechoka: mshambuliaji akipiga shuti, mpira unaganda hewani. Likizo iliyopita binti yake Winnie, wa kidato cha tano, alikaa siku mbili tu, akakimbilia Mwanza kwa shangazi yake Elizabeth, ambaye kompyuta yake ilikuwa na kasi. Mama yake Winnie alishafariki, na mtoto alikuwa huyo huyo mmoja. Nyumba ilipooza, na Ndaki aliumia kuliko alivyokubali kusema. Safari hii alitaka abaki likizo nzima.

Imrani akaweka mezani kadi mbili za picha, vile vifaa vya ndani ya kompyuta vinavyochora picha kwenye kioo. Moja kubwa, mtumba wa Ulaya, ina feni mgongoni. Nyingine ndogo, mpya, haina mbwembwe.

"Mzee Ndaki, chukua hii kubwa. Hili ndilo dume lenyewe."

"Linakula nini?"

Imrani akacheka, kisha akaona mzee hacheki. "Umeme mwingi kidogo. Itabidi tubadili na pawa saplai, kile kisanduku kinacholisha mashine umeme."

"Yaani unaniuzia dume pamoja na malisho. Haya, lifunge kwenye mashine yako. Nataka kuliona likitembea."

Mnadani wapo wanaowalambisha ng'ombe chumvi, wakawanywesha maji mpaka matumbo yatune waonekane wanono, na dawa yao ni moja: mswage ng'ombe juani, usubiri. Ndaki akavuta kigoda, akaagiza mchezo ufunguliwe na usizimwe. Dakika kumi, picha safi. Imrani akaanza kutabasamu. Dakika ya ishirini na tano uwanja ukaingia michirizi ya zambarau, wachezaji wakapotea vichwa, kioo kikawa cheusi.

"Wallahi sikujua, mzee," alisema Imrani, na ni kweli hakujua.

"Ndiyo maana nimekaa."

Ile ndogo ilikimbizwa saa nzima bila kukohoa. Ndaki akaichukua, akaongeza na kipande cha memori, maana Imrani alikiri kwamba mashine ya mzee ilikwama kwa upungufu wa memori kuliko kitu kingine chochote. Akarudi nyumbani na Imrani aje kuvifunga, akijisifu njia nzima.

Winnie alifika Ijumaa mchana. "Ng'wadila, baba," akamwamkia Kisukuma kwa kupiga goti, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Akacheza mechi nzima, akageuka macho yakimng'aa.

"Baba, hii inaishinda ya shangazi!"

"Sasa Mwanza utafuata nini tena?"

Winnie akaondoa mikono kwenye kibodi. "Baba, sikufuata kompyuta. Shangazi anacheza na mimi. Hapa nacheza na mashine. Leo upo, kesho mnada wa Sapiwi, keshokutwa uko Mkula."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu aliyekagua kila ng'ombe kuanzia kwato hadi pembe hakuwahi kumuuliza mwanawe tatizo ni nini. Ndaki aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuinamisha kichwa.

Kisha akaegemeza fimbo yake ukutani, akavuta kiti.

"Kupiga shuti unabonyeza wapi?"

"Baba, huwezi."

"Nani, mimi? Nionyeshe tu, mayu, mama yangu."

Alifungwa tisa bila, na kati ya hayo matatu alijifunga mwenyewe. Akadai marudiano. Kesho yake ng'ombe wa Sapiwi walinunuliwa na watu wengine.