Makufuli Mawili Mfukoni

Fundi aligundua kosa lake alipokuwa akitafuta leso. Alitia mkono mfukoni mwa ovaroli, akagusa chuma. Akatoa kufuli jekundu, lake. Akatia mkono tena, akatoa la buluu, la mwenzake Mzito. Akaketi juu ya gunia.

Kiwanda kile cha unga kilikuwa na sheria moja isiyo na mzaha. Fundi yeyote anayeingia ndani ya pipa la kuchanganyia, pipa kubwa kama chumba, lenye visu virefu kama mkono wa mtu mzima, huzima kwanza swichi ya ukutani, akaifunga kwa kufuli lake, akaingia na ufunguo wake. Hakuna amfungiaye mwenzake. Lakini mazoea yana tabu. Mzito, aliyeitwa hivyo kwa kuwa upepo wa feni ungeweza kumbeba, alikwisha fanya kazi na Fundi miaka kumi na mmoja, na kila mara humrushia kufuli lake akisema, "Nifungie na langu, kaka. Wewe ukifunga, nimefunga."

Asubuhi ile Fundi alilidaka, akaenda akazima swichi. Papo hapo mtu wa ghala akamuuliza habari za mkanda uliokatika. Akamjibu. Akakumbuka bisibisi aliyoiacha dirishani, akaifuata, na alipoipata, lile jambo la kwanza lilikwisha mtoka kichwani kama halikuwahi kuwamo. Wakaingia. Dakika arobaini walikaa kati ya visu vile wakikaza nati na kubishana habari za mpira, huku swichi ikingoja kidole cha mpita njia yeyote.

Hakupita mtu. Mzito alipokuja kudai kufuli lake, alisema, "Asante, kaka," na asante ile ilimchoma Fundi kuliko tusi.

Haikuwa bahati mbaya tu, na yeye alijua. Miezi mitatu kabla, daktari alimweleza kwamba ana maradhi ya kutotulia kwa akili, amezaliwa nayo, nayo ndiyo yaliyompa shuleni jina la Kichwa Maji. Alimwandikia vidonge. Fundi alivificha ndani ya soksi kabatini, akawa anavimeza siku anazovikumbuka. Na sasa mezani kwa meneja kulikuwa na fomu ya kumpandisha awe msimamizi wa mafundi, yenye swali: *Je, una maradhi yoyote ya akili?* Alitakiwa kuijaza kesho yake.

"Andika hapana," mkewe alisema jioni ile, akimenya viazi. "Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Nani atakuja kuchungulia soksi zako?"

"Mama Mapacha, nusura nimuue mtu."

"Nusura! Umemuua?" Kisu kikasimama. "Yule dereva wa winchi aliposema amelazwa kwa sonona, walimfanya nini? Anafagia uwanja mpaka leo, na watoto wanamwimba. Na usinianzie mficha maradhi kilio humfichua. Aliyetunga methali hiyo hakuwa anangoja cheo."

Mkewe alisema kweli, na hilo ndilo lililokuwa zito. Fundi alikuwa na miaka hamsini na miwili. Cheo hicho hakingepita tena mlangoni kwake.

Kesho yake alifika mapema akiwa amekwisha amua kuandika hapana. Akamkuta Mzito kando ya pipa, amevaa glavu.

"Kaka, bado ile nati ya chini," Mzito alisema, na kufuli la buluu likaja hewani. "Nifungie na langu."

Fundi alilidaka. Akalitazama kiganjani, asiweze kupiga hatua.

"Vipi, limekuuma?"

"Jana sikufunga," Fundi alisema. "Lako wala langu. Yote mawili yalikuwa mfukoni."

Mzito alicheka. Kisha akamwona usoni, kicheko kikakatika.

"Tulikuwa mle ndani na swichi wazi?"

"Ndiyo. Nina maradhi, ndugu yangu. Akili yangu haitulii. Daktari aliniambia miezi mitatu iliyopita."

"Miezi mitatu!" Mzito alivua glavu moja, akaitupa chini. "Miezi mitatu nakupa roho yangu uishike, na wewe unajua mkono wako unatetemeka! Mimi sikulaumu kwa kuumwa. Mama yangu aliumwa akili, nikamwogesha kwa mikono hii. Lakini ungeniambia, bwana! Ningejifungia mwenyewe. Ni hatua nne tu kutoka hapa hadi kwenye swichi!"

Akalichukua kufuli lake, akaondoka. Hakuingia pipani siku ile.

Fundi akapanda ngazi hadi kwa meneja, mama mmoja mpole wa sauti lakini asiyependa maneno mengi. Akamweleza yote, ila la Mzito kumpa kufuli. Hilo alilibeba yeye, akasema amelichukua mwenyewe. Meneja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaisogeza fomu.

"Ukiandika ndiyo, cheo hiki nampa mwingine, na pipani huingii mpaka daktari aniandikie barua. Huenda ikawa wiki, huenda ikawa mwaka. Sikudanganyi."

"Nimeelewa, mama."

"Ungeweza kunyamaza. Nisingejua."

"Mzito naye asingejua," alisema Fundi. "Ndiyo shida yenyewe."

Akaandika *ndiyo*, kwa mwandiko wa kusomeka.

Akatumwa stoo ya vipuri, kupanga nati kwa ukubwa wake. Saa ya chai mafundi walipita mlangoni, na sauti zikashuka walipomwona. Habari ilikwisha zagaa. Mmoja akagonga kichwa chake kwa kidole, wenzake wakacheka. Mzito alikuwa wa mwisho. Hakucheka, wala hakusalimu. Alisimama kidogo kizingitini, akasema, "Bado nina hasira na wewe."

"Kuwa nayo tu, ndugu yangu. Ni haki yako."

Mzito akaitika kwa kichwa, akaenda zake. Fundi akarudi kwenye nati.